Mrusha Mpira na Miguu Yangu Isiyotulia

Nawasalimu, ndugu zangu, katika jina la Yesu aliyenifundisha kukaa mahali pamoja.

Niliacha shule darasa la tano nikafuata lori, nione tu linakoenda. Nimepakua magunia Emali, nimepaka rangi maduka Sultan Hamud. Nilikuwa na mke, Mwikali, na watoto wawili. Lakini mambo yakiwa mazito nyumbani, mimi niko njiani. Nilipotoroka mara ya tatu, kaka zake walimrudisha kwa baba yao.

Wakati huo nilikuwa Malili, nikimsaidia Mmarekani wa misheni kuchimba visima. Tulimwita Mista Dani. Siku moja niliona picha yake amevaa kofia ngumu yenye vyuma usoni.

"Ulikuwa na pikipiki?" nikamuuliza.

"Nilicheza mpira."

"Na kofia hiyo? Mlikuwa mnaupiga mpira, ama unawapiga nyinyi?"

Alicheka, kisha akanieleza. Mpira wao una umbo la papai, na hurushwa kwa mkono. Yeye ndiye alikuwa mrushaji, na timu nzima ilimtegemea. Alianza kwa kurusha mawe shambani kwao, akafika mpaka kulipwa mshahara. Miaka minne alikaa kwenye benchi akimtazama mwingine. Alipopewa nafasi alisifiwa sana, hadi siku walipomwangusha akavunjika bega.

"Bega lilipona," alisema. "Woga ndio haukupona. Mrushaji husimama akimtazama mwenzake aliye mbali, na huku wanaume kama mafahali wanamjia. Mimi nilianza kukimbia kabla hawajafika. Mwaka huo wakaniachisha kazi."

Ndugu zangu, nilijua ni maisha yangu anayosimulia.

Nikaenda kwa wakwe. Nilidhani nitampata mzee peke yake, kumbe ilikuwa siku ya mwethya, majirani wote wamekuja kumchimbia matuta shambani. Shemeji zangu watatu wakanijia na majembe mkononi. Miguu ikataka barabara. Nikaomba maneno machache: Mungu, ishike hii miguu. Naye akaishika.

"Umepotea njia?" akauliza Mutiso, mkubwa wao.

"Hapana, shemeji. Nimemfuata Mwikali."

"Wewe ambaye hata chai huingoji ipoe?" Watu wakacheka. Akanipa jembe lake. "Haya, tuone kama utafika jioni."

Nilichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Mwikali alileta maji, akawapa wote, akanipita. Akaja tena, akanipita tena. Jua likishuka, akasimama mbele yangu na kikombe.

"Kunywa," akasema. "Bado tuta moja."

Lile tuta tulilichimba pamoja, mimi na yeye.

Namshukuru Mungu, kwa maana tangu siku ile Mwikali hajaulizwa na mtu niko wapi akakosa jibu. Ndugu yangu unayekimbia, usingoje kwanza uwe jasiri. Mimi sikuwa jasiri. Mwite Mungu hapo hapo ulipo, wakiwa bado wanakuja.