Cherehani cha Sada Kinachogoma Asubuhi

Mwezi wa Julai pale Katesh, upepo wa mlima Hanang unaposhuka, watu wa kijiweni hushika vikombe vya kahawa kwa mikono miwili. Benchi lao lilikuwa barazani kwa Sada, mshona nguo, na Alhamisi ile Sada hakuwa na hamu ya soga. Cherehani chake cha mkono kilikuwa kimekaza. Jana asubuhi kilikaza, alasiri kikashona vizuri. Leo kimekaza tena, gurudumu halisogei hata unywele, naye aliogopa kulilazimisha asije akavunja kitu. Gauni la harusi la Scolastica wa Nangwa lilikuwa na mkono mmoja tu, na harusi ni Jumamosi. Fundi wa vyerehani yuko Arusha. Mbele ya baraza, lori la Tawakali lilikuwa linapakia mahindi ya kupeleka Arusha. Likiondoka, litaondoka na cherehani, na siku ya kurudi kwake hakuna aliyeijua.

— Hilo ni jino la ndani limekatika, alisema Ayubu, mtengeneza baiskeli, aliyeitwa Spana kwa sababu alikuwa nayo moja.

— Kaka Ayubu, umeliona hilo jino? aliuliza Sada.

— Sijaliona. Nalisikia.

— Utalisikiaje, na chombo kiko kimya tangu alfajiri?

— Ndiyo hivyo. Jino likikatika, chombo hunyamaza.

Hermani alicheka. Yeye alirudi kutoka vita vya Waingereza na Wajapani kule Bama na koti la jeshi na jina la Keya, kama walivyoitwa askari wa Mwingereza.

— Jino gani? Huo ni uchovu. Bama tulikuwa na lori, likapanda milima siku sita. Siku ya saba likakataa. Afande akalipatia likizo.

— Lori likapewa likizo?

— Siku mbili. Na barua yake.

— Barua aliisoma nani, Keya?

— Usinikate maneno, Spana. Lilipona!

Mzee Gidabuday, mfugaji wa Balangdalalu, aliweka fimbo yake chini.

— Ninyi hamjui kufuga. Ng'ombe ukimhamisha zizi, anaficha maziwa. Binti yangu, hiki mlikihamisha?

— Nilikisogeza, mzee. Upepo ulikuwa unanipiga.

— Basi. Kilizoea kuona mlima, sasa kinaona ukuta. Kigeuzeni.

Spana na Keya wakakigeuza taratibu, kama wanaogeuza mgonjwa. Sada akajaribu mpini. Wapi!

— Kipeni muda kiutazame, alisema mzee.

Lori likapiga honi. Sada akaanza kukifunga cherehani kwenye gunia. Ndipo Scolastica akafika kujaribu gauni lake, miguu ikiwa na vumbi la njia ya Nangwa.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba.

— Dada Sada, mbona unakifunga?

— Kimevunjika, mdogo wangu.

— Jana alasiri nilikaa hapa hapa, kikashona. Kama kimevunjika, jana mchana nani alikitengeneza?

Spana akatazama ndani ya kikombe. Keya akafunga kifungo ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. Mzee akautazama mlima.

Sada aliiacha kamba. Asubuhi kinakaza, mchana kinalegea. Kati ya asubuhi na mchana, kinachobadilika ni nini? Jua tu. Akachukua pini, akachokoa tundu la mafuta. Pini ikatoka na kitu cheupe, kigumu kama nta. Akakinusa.

— Samli!

Akakumbuka. Juma lililopita mafuta ya cherehani yalimwishia, akatia samli aliyoletewa na mzee.

— Samli ya ng'ombe wangu haina kosa, alisema Mzee Gidabuday.

— Haina, mzee. Baridi ndiyo inaigandisha. Kosa ni langu, niliitia mahali pasipo na moto.

Akadondoshea mafuta ya taa tundu kwa tundu, akafuta, akachokoa, akafuta tena. Spana akatoa mfukoni kichupa cha mafuta ya baiskeli.

— Ulikuwa nacho muda wote huu?

— Hukuniuliza, dada. Tulikuwa kwenye jino.

Sada akatia matone ya kichupa hicho, akashika mpini. Ukasita, akaurudisha nyuma kidogo, akausukuma tena. Gurudumu likaenda. Sindano ikashuka, ikapanda, ikashuka.

Tawakali akaja akipangusa mikono.

— Haya, mama, nikipakie?

— Pakia mahindi yako, Tawakali. Scolastica, njoo, nyoosha mkono nikupime.