Mtu Aliyepima Barafu kwa Viatu vya Kanisani

Tonawanda, Ijumaa, 28 Machi 2025

Kwa Papa Kataliko Nyarugabo,

Jumatatu ijayo, tarehe 31 Machi, Papa Kataliko Nyarugabo anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu kwa misimu ishirini na miwili ya baridi. Katika miaka hiyo amesukuma theluji na kumwaga chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye maegesho ya maduka, benki, zahanati na maghala ya miji mitatu: Louisville, Columbus na hapa Buffalo. Meneja aliomba wasifu wa ukurasa mmoja, uliochangamka, usio na makosa. Ukurasa mmoja umenishinda. Kuhusu makosa, mengi yaliyomo humu niliyafanya mimi mwenyewe, kwa hiyo naomba yasisahihishwe.

Naanza na jambo ambalo kila mtu hapa yadi analijua. Papa alikataa sherehe. Alimwambia meneja kwamba mtu aliyechelewa Jumamosi ile ya Januari mwaka jana hastahili kukatiwa keki, na kwamba leo atapita kurudisha funguo tu. Jumamosi hiyo inanihusu mimi kuliko wengine wote, kwa sababu mgonjwa aliyekuwa akisubiriwa asubuhi ile kwenye kituo cha kusafishia damu alikuwa Severin, mume wangu. Ndiyo maana niliomba niandike mimi, ingawa Cibalonza, mwenzangu wa ofisini, ana mwandiko mzuri na anajua kutumia nukta. Nitaifikia Jumamosi hiyo. Kwanza kazi.

Papa aliajiriwa Louisville mwishoni mwa mwaka 2003. Alikuwa ametoka Bukavu, ambako baba huitwa papa, kwa kupitia kambini, na theluji aliijua kwa picha za kalenda. Louisville yenyewe haina theluji nyingi. Ina mvua inayoganda ikigusa chini, ambayo ni mbaya zaidi kwa sababu huioni mpaka umekwisha kulala chali. Msimamizi wake alimpa ndoo ya chumvi na kumwambia anyunyize kila mahali watu wanapopita. Papa alitii neno kwa neno. Akimaliza maegesho ya duka, alikumbuka kwamba yeye pia ni mtu na kwamba anapita, basi akakatisha kwenye nyasi kuelekea kituo cha basi huku akinyunyiza. Alifanya hivyo msimu mzima. Aprili ilipofika, nyasi za mteja zilichipua zote isipokuwa ukanda mmoja wa kahawia, umenyooka kama rula, kutoka mlango wa nyuma wa duka mpaka pale basi linaposimama. Haukuhitajika upelelezi. Alipewa beleshi na mbegu, akapanda nyasi wiki nzima. Akiisimulia mpaka leo humalizia hivi: "Bon, lakini walijuaka kama mimi siko muvivu."

Mwaka 2009 alihamishiwa Columbus, kwenye majengo ya ofisi huko Westerville, na huko ndiko alikokutana na Severin. Walipangwa gari moja, pikapu yenye plau mbele, lile bamba la kusukumia theluji. Severin alikuwa Mtanzania aliyejivunia Kiswahili chake kuliko ilivyokuwa lazima. Siku ya kwanza alimsikiliza Papa kwa dakika tano, kisha akamuuliza, "Papa, hicho ni Kiswahili, au redio yako imeingia maji?" Papa akamjibu, "Na wewe unaongeaka kama kitabu ya masomo. Endesha gari." Waliendesha gari hilo pamoja misimu saba, wakigombana njia nzima, na sijawahi kusikia habari za wanaume wawili wakifurahia hivyo kuamka saa tisa usiku.

Ni Westerville pia alikoanzisha jambo ambalo sasa kila mfanyakazi mpya hufundishwa. Asubuhi moja alimaliza kumwaga chumvi, akapitapita, akaona panakanyagika, akatia sahihi fomu. Dakika kumi baadaye mama mmoja mhasibu alishuka kwenye gari lake na kuteleza mpaka kwenye gurudumu la gari la jirani. Hakuumia. Lakini Papa hakula chakula siku hiyo. Alitazama buti zake, zina meno chini kama trekta, akatambua kwamba alikuwa amepima barafu kwa viatu ambavyo mhasibu hana. Siku iliyofuata alikuja na viatu vyake vya kanisani, vyeusi, soli laini kabisa. Tangu hapo, kila akimaliza kazi huvua buti, huvaa viatu hivyo na kutembea kutoka kwenye maegesho mpaka mlangoni, mikono mfukoni kama mteja. Akiteleza, kazi haijaisha. Severin alikuwa akisema kwamba hajaona Mkristo mwingine ambaye viatu vyake vya kanisani huenda kazini na buti zake za kazini huenda kanisani, kwa sababu Jumapili Papa alikuwa akisahau kubadilisha.

Mwaka 2016 kampuni ilifungua yadi hii ya Tonawanda, pembeni mwa Buffalo, na Papa akaletwa kuwa msimamizi. Severin akamfuata Papa, na mimi nikamfuata Severin kutoka Tanzania nikiwa na mtoto wetu Gift mgongoni na koti la mvua ambalo muuzaji wa Moshi aliniapia kuwa ni la baridi. Tukapanga nyumba mtaa wa East Side. Miaka miwili baadaye nikapata kazi ya ukarani hapa, ya kupanga magari na kupokea fomu.

Sasa niseme la kwangu kabla Mizero, mfanyakazi mwenzetu, hajalisema kwenye kipaza sauti. Majira ya baridi ya 2019 watu wawili waliugua, na mimi nikajitolea kwenda kulinda ngazi za jengo la madaktari wa meno. Nilikuta chumvi ya jana imekauka juu ya ngazi, nyeupe, imetapakaa kama mtu amemwaga unga. Mimi nimelelewa kwamba baraza chafu asubuhi ni aibu ya mwenye nyumba. Nikaomba ndoo kwa mlinzi, nikachota maji ya moto, nikadeki. Nilideki vizuri. Nilideki mpaka pembeni. Kulikuwa na baridi ya kugandisha mate. Niliponyanyuka kunyoosha mgongo, nilikuta ngazi sita zinang'aa kama kioo cha kabati, nami niko juu, siwezi kushuka.

Papa akafika kukagua. Alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake. Aliweka mguu ngazi ya kwanza, akaondoka kwa mgongo, akasimama alipofikia pikapu. Akiwa amelala pale akitazama mbingu, akauliza kwa upole sana, "Mama Gift, nani alikuambia barafu inaoshwaka?" Hakunifukuza wala hakuniandikia barua. Alileta mazulia ya gari na maboksi, akayatandika, akasimama saa nzima akiwashika wagonjwa viwiko mmoja mmoja, akiwaambia kwa Kiingereza chake kwamba leo kuna usafi maalumu. Ofisini aliandika kwenye fomu: "Ngazi: safi sana."

Meneja anataka mafanikio yatajwe. Hakuna mtu aliyevunjika mfupa kwenye mlango uliokuwa chini ya Papa hapa Buffalo, isipokuwa yeye mwenyewe, mara mbili. Amefundisha watu thelathini na mmoja, na Mizero, anayechukua nafasi yake, ni mmoja wao. Amefundisha pia majirani wa maghala matatu ambao si wateja wetu na hawajawahi kulipa.

Basi, Jumamosi.

Figo za Severin zilishindwa mwaka 2022. Kituo alichopangiwa kilikuwa kwenye orodha yetu, na Papa alikihamisha kutoka nafasi ya tatu kwenye njia yake kwenda ya kwanza, kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Hakuniambia. Nililiona kwenye fomu. Jumamosi ile theluji ilishuka usiku kucha mpaka ikafika kiunoni. Plau ya Papa iliharibika njiani, akaitengeneza kwa mikono mitupu, na akafika kituoni saa kumi na mbili na dakika hamsini. Zamu ya Severin ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Papa hakuona gari letu. Akajua tumekuja, tumekuta pamezibwa, tumerudi. Ijumaa iliyofuata Severin alifariki. Papa akapiga hesabu peke yake, akapata jibu, na hakumwonyesha mtu.

Tangu siku hiyo, kwa miezi kumi na minne, Papa hajaingia ofisini kwangu. Funguo za gari amekuwa akiziacha kwenye kisanduku cha nje. Mimi, karani ninayejua kila gari liko wapi saa ngapi, sikujua msimamizi wangu yuko wapi. Nilidhani amechoka na chai yangu, aliyokuwa akija kunywa kila asubuhi, maana watu wamewahi kusema naweka tangawizi nyingi. Nikapunguza. Hakuja. Nikapunguza tena, mpaka Cibalonza akaniuliza kama haya ni maji ya kunawa. Ningemuuliza tu, ingetosha. Nina fomu ya kila kitu katika ofisi hii, lakini niliogopa swali moja. Sababu nimeijua wiki iliyopita, meneja aliporudi na habari ya keki.

Papa, sasa nasema na wewe.

Hatukuja. Asubuhi ile gari letu halikutoka uani, kwa sababu barabara yetu yote ilizibwa mpaka mchana, na hiyo si kazi ya kampuni hii wala yako. Kabla hata ya saa kumi na moja Severin alichungulia dirishani, akapiga simu kituoni mwenyewe, wakampa nafasi ya Jumapili. Akarudi kitandani akaomba uji. Ulipokuwa unatengeneza plau kwa vidole vilivyokufa ganzi, mwenzako alikuwa amejifunika blanketi anamwambia Gift kwamba uji hauna sukari.

Jumapili tulikwenda. Alitembea kutoka garini mpaka mlangoni bila kunishika mkono. Alisimama katikati ya njia, akatazama chini, akasema, "Mama Gift, hapa mtu anaweza kuanika mahindi." Alikaa kwenye mashine saa zake zote nne. Alirudi na njaa, akala, akabishana na mtu kwenye simu kuhusu mpira. Jumanne na Alhamisi alikwenda tena, akatembea vivyo hivyo. Alikufa Ijumaa kwa moyo, nyumbani, baada ya chai. Nilimuuliza daktari kuhusu Jumamosi, kwa sababu hata mimi nilikuwa nahesabu saa. Alinijibu kwamba moyo ule ulikuwa umechoka zamani, na kwamba siku moja haikuongeza wala kupunguza kitu.

Hukuchelewa, Papa. Njia ya mwisho aliyotembea Severin kwa miguu yake nje ya nyumba yetu uliisafisha wewe, na ilikuwa kavu. Nilipaswa kukuambia siku ya msiba. Nisamehe.

Tunajua unakwenda Louisville kwa binti yako Aksanti, kwa wajukuu ambao utawasemesha Kiswahili nao watakujibu Kiingereza, na mtaelewana hivyo hivyo. Asante kwa misimu yote ishirini na miwili. Mungu akupe asubuhi za kulala mpaka jua litoke, magoti yasiyouma, na msimu wa baridi unaoutazama kwa dirisha ukiwa na kikombe mkononi, theluji ikiwa kazi ya mtu mwingine.

Leo usiache funguo nje. Ingia, kaa, kula keki. Ukisha kwenda, utukumbuke, mimi na Gift.

Rozina, mke wa Severin
Karani wa magari, yadi ya Tonawanda