Siku Tuliyobeba Mifuko ya Magazeti: Risala ya Wakazi wa Nyuma ya Kioo

Mgeni rasmi,

"Hilo usilisome! Ukilisoma tumekwisha!"

"Lisomwe! Kwani hatukufanya? Au wewe siku ile ulikuwa umelala?"

Hayo ndiyo maneno uliyoyakuta ukishuka garini, na hatuwezi kujifanya hukuyasikia, maana hata dereva wako aligeuza shingo. Wale wawili si maadui. Ni majirani wa ukuta mmoja, fundi cherehani na dobi, na tangu asubuhi wanagombana juu ya sehemu moja ya risala hii. Fundi anataka tuiruke. Dobi anataka tuisome. Sisi wengine tulikaa katikati, tukimgeukia huyu na kumgeukia yule, mpaka gari lako likapiga honi. Basi fundi akanyoosha mikono juu, nasi mistari hii tumeiongeza kwa kalamu hapo hapo. Tutasoma yote.

KARIBU UPANDE WETU

Karibu sana, mheshimiwa. Tunajua umetoka kuzindua ghorofa mpya ya jengo la maduka, lile ambalo sisi tunaliita Kioo. Tunakushukuru kwa kukubali kuzunguka mpaka huku nyuma, kwenye mlango wa wafanyakazi na mapipa ya taka. Wageni wengi hawaujui. Kule mbele ni vioo mpaka juu. Upande huu, kama unavyoona, ukuta haujapigwa hata lipu. Waliojenga walijua wageni watasimama wapi.

TULIKOTOKA

Mtaa huu ulikuwapo kabla ya Kioo, na zahanati yetu ilikuwapo pia. Tofali tulifyatua wenyewe, Jumapili baada ya Jumapili, na fundi cherehani ndiye aliyefyatua la kwanza. Serikali ikatuletea muuguzi, mkunga na kitanda cha kujifungulia. Ni vyumba viwili na benchi moja nje. Karibu kila mwanamke anayekutazama sasa hivi amewahi kulikalia benchi lile, akiwa na tumbo lake au amemshika mkono mwenye tumbo.

KUHUSU KIOO

Sisi hatulipingi jengo. Watu arobaini na mmoja wa mtaa huu wanafanya kazi humo: usafi, ulinzi, kupakua mizigo. Dada zetu wa usafi wanajua kigae kipi kinacheza na kipi kimekwanguka. Lakini waulize ni nani ananunua. Kaka yetu wa getini atakuambia magari ni yale yale. Anayajua kwa namba, kama mfugaji anavyowajua mbuzi wake. Jumatatu mpaka Alhamisi, anasema, wauzaji huuziana umbea.

Mtu akitoka uwanja wa ndege akashukia pale mbele, anaiona nchi iliyokwisha kufika. Wala hajadanganywa na macho yake. Vioo vipo, manukato yapo, ngazi zinapanda zenyewe. Anachosahau ni kuuliza hawa waliomo humu jioni wanarudi wapi. Kuna aliyekumbuka kuuliza, mheshimiwa. Alituuliza sisi. Tukamjibu uongo.

SIKU YA MIFUKO

Hapa ndipo fundi alipotaka turuke.

Mwaka jana walikuja wakaguzi sita kuchunguza ni mitaa ipi bado inahitaji zahanati ya serikali. Walipangiwa kukutana Kioo, kwa kuwa ndiko kwenye ukumbi wa kiyoyozi. Meneja akaona aibu, wageni wakubwa namna ile watembee kwenye maduka matupu. Akawaambia dada zetu wa usafi, "Leteni majirani. Wavae vizuri, watembeetembee tu."

Hatukulazimishwa. Tulikimbilia. Wengi wetu hatukuwahi kupita mlango wa mbele. Nguo je? Fundi akatoa magauni ya wateja yaliyokuwa yanasubiri kuchukuliwa, dobi akatoa suti alizokwisha kuzipiga pasi, mtaa mzima ukavaa nguo za watu. Mlangoni tukapewa mifuko yenye nembo za maduka, imeshindiliwa magazeti makuukuu ili itune. Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena.

Muuza viazi wetu akiwa juu ya ile ngazi ya umeme alikutana uso kwa uso na mwenye suti aliyoivaa. Yule bwana akamtazama juu mpaka chini. "Kaka, suti kali hiyo! Hata mimi ninayo kama hiyo." Dobi aliyekuwa nyuma yake almanusura azirai. Tulicheka wiki nzima.

Lakini mkaguzi mmoja, dada mpole mwenye daftari, alimsimamisha mama muuza mkaa.

"Mama, unaishi wapi?"

"Hapo nyuma tu, mwanangu."

"Na hapa huwa unanunua nini?"

Mama angesema nini, na mfuko umemtuna mkononi? "Viatu tu, mwanangu. Jozi moja kila mwezi. Miguu yangu ina makuu."

Akapigwa picha akicheka. Ni ile picha kubwa pale mlangoni, mheshimiwa, ambayo leo umesimama mbele yake kukata utepe. Mama mwenyewe yuko hapa. Mama, simama akuone. Viatu vyake ndizo hizo kandambili.

BARUA

Miezi mitatu iliyopita tulikuta barua imebandikwa mlangoni pa zahanati. Inasema wakazi wa eneo hili wana uwezo wa kutosha, na wanaweza kutumia kliniki binafsi iliyoko ghorofa ya pili ya Kioo. Zahanati itafungwa mwisho wa mwezi huu. Mkunga wetu amekwisha kupangiwa kituo kingine.

Kliniki hiyo tumeijaribu. Binti wa fundi ana mimba ya miezi minane. Alipanda huko na shangazi yake, akaulizwa kadi ya bima, hana. Wakaambiwa wakae. Baadaye wakaambiwa samahani. Aliyekuwa akipiga deki pale mapokezi ni jirani yao wa mlango wa tatu; aliinamisha kichwa akaendelea na deki yake.

Hospitali ya serikali iko ng'ambo ya mji, na kwa foleni ya barabara ni mwendo wa saa mbili. Mke wa fundi alikata roho kwenye foleni hiyo, akiwa na uchungu, miaka ile kabla hatujawa na zahanati. Sasa unajua kwa nini fundi alifyatua tofali la kwanza, na unajua kwa nini leo alipiga kelele. Anaogopa ukisikia tulidanganya, utafunga kwa hasira.

OMBI LETU

Tulikuwa na maombi kumi na mawili. Kulikuwa na mtaro, taa za barabarani, na jalala. Tumeyafuta yote tukabakiza moja: zahanati isifungwe, na mkunga abaki.

Kama ni lazima wakaguzi warudi, na warudi. Ila waanzie kwenye benchi, Jumatatu asubuhi, bila kumwarifu mtu. Watatukuta na nguo zetu wenyewe.

Hatutajitetea sana. Hakuna anayefurahia kuonekana fukara mbele ya wageni, na siku ile, mheshimiwa, tulipendeza. Kosa tulilifanya kwa miguu yetu, tukilicheka. Kama kuna adhabu, wapeni waliobeba mifuko. Yule aliye tumboni hakubeba kitu.

Mungu akutunze wewe na wa nyumbani kwako, akupe afya, na auongoze mkono wako ukishika kalamu.

Ni sisi, Wakazi wa Mtaa wa Nyuma ya Kioo.

Mheshimiwa, usiondoke bado. Tunajua umeandaliwa meza kule ghorofa ya juu. Lakini fundi ametuita pembeni sasa hivi, sauti imemkauka, anasema risala kama hii haijibiwi mtu akiwa amesimama juani. Amesogeza cherehani ukutani. Binti yake ametandika mkeka na wali umekwisha kupakuliwa. Ni chumba kimoja, utatusamehe, na dobi naye atabanana humo humo. Maji ya kunawa haya hapa. Pita ndani, mgeni wetu, tule.