Mwalimu wa Mtihani wa Jerikani: Maisha ya Gedion Muindi Musyoka

Wachungaji, wazee, jamaa na marafiki, mimi ni Mwongeli, kitinda mimba wa Mwalimu, familia imenituma nisome, mnivumilie, nitafika mwisho.

Gedion Muindi Musyoka alizaliwa tarehe 14 Machi 1960 hapa Tulia, Kitui, mtoto wa pili wa marehemu Musyoka Kyule na marehemu Kathini. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1967 hadi 1973, akaenda sekondari Machakos hadi 1977, akahitimu ufundi wa mitambo Nairobi mwaka wa 1981, akafanya kazi ya pampu za maji miaka minane, na Januari 1990 akaanza kufundisha mafundi katika chuo kimoja kule Makueni. Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa mama yetu, Ndunge, wakabarikiwa watoto watatu, Jonah, Yvonne na mimi.

Sasa niseme ya Ikutha, kwa sababu bila Ikutha hamwezi kumjua baba. Agosti 1998 pampu ya kisima kirefu ilifungwa kule na Musyimi, mwanafunzi wa baba aliyekuwa ametoka chuoni akiongoza darasa, yuko hapa na ameniruhusu niseme, akaunganisha nyaya mbili kinyume, mota ikazunguka nyuma, maji yakatoka kama machozi, akaambia watu kisima kimekauka, na akina mama wakarudi kuchimba mchanga wa mto majuma matatu. Baba alipoitwa, Mama Kalekye, mwenyekiti wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kazi, alimwuliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, cheti tumeona, sasa maji iko wapi?" Baba akabadilisha nyaya hizo mbili, maji yakaruka, vigelegele vikapigwa, lakini yeye alirudi nyumbani ameinamisha kichwa, kwani Musyimi alikuwa amechora mota hiyo kwa karatasi akapata tisini na moja, na hakuna siku chuo kilimpa mota yenyewe aishike.

Kuanzia 1999, kila Jumatano, alitoa wanafunzi darasani akawapeleka kwa visima vya Makueni na Kitui vilivyoharibika, na hakumpitisha yeyote mpaka mwethya wa mahali hapo umpitishe, yaani akina mama wanaanza wimbo wao wa kazi, fundi anawasha pampu, na jerikani ya lita ishirini lazima ijae kabla wimbo haujaisha. Walimu wengine walicheka, wakauliza tangu lini wachota maji wakasahihisha mtihani, baba akawajibu kwamba hao ndio wanaokunywa majibu. Musyimi alikuwa wa kwanza kurudi kufanya mtihani huo, akapita, na leo ni mwalimu.

Lakini jambo hilo halikuwa limeandikwa popote, lilisimama kwa sababu yeye alisimama, na figo zake zilipokataa Februari 2023, akawa anasafishwa damu Kitui mara mbili kwa wiki, hakuogopa kifo, aliogopa mtihani wake uzikwe naye. Kila nikimpelekea uji, mtoto mgongoni, swali lilikuwa moja tu, wameandika? Tarehe 3 Oktoba 2025 barua ya chuo ilikuja, mtihani wa kisima umeingizwa kwa masomo ya kila fundi, sahihi ya mwethya ikiwemo, nikamsomea, akaniambia soma tena, nikasoma, akacheka mpaka nesi akaja kuangalia. Alitutoka tarehe 8 Oktoba, Jumatano, saa nne asubuhi, wanafunzi wake wakiwa kisimani.

Tunashukuru madaktari na manesi waliomtunza, majirani wa Tulia mliolala nje na sisi, walimu wenzake, hata mliocheka, na akina mama wa Ikutha mliotoka kwenu alfajiri na maji ya kisima kile kile, chai mliyokunywa wote leo ni hayo. Vijana mnaowaona wamevaa ovaroli ndio watambeba.

Na mimi, Baba, uliniambia nijiunge na chuo niwe fundi, nikasema naogopa, nina mtoto mdogo, nyaya zitanichoma, Januari naingia, bado naogopa lakini naingia, Mama atabaki na mtoto siku za Jumatano.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, jerikani imejaa, na wimbo bado haujaisha.