Glasi Mbili za Mafuta ya Breki: Tunamuaga Emiliana Chidosa wa Stoo

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Emiliana Chidosa anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Nyika Njema, hapa Kizota, kwa miaka thelathini na minne na ushee. Muda wote huo alikuwa na kazi moja, kutunza stoo ya spea, na alikuwa na tabia moja ya kikazi: hakuamini kitu. Boksi likija limefungwa vizuri, aliuliza kwa nini limefungwa vizuri kiasi hicho. Likija limechakaa, aliuliza limepita mikononi mwa nani.

Aliajiriwa Machi 1991, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Mlali, akiwa na cheti cha ukarani na hajui tofauti ya plagi na pampu. Stoo yenyewe wakati huo ilikuwa kabati moja lenye kufuli bovu. Alijifunza spea kwa kuzishika, kuzinusa na kuzigonga. Bearing aliigonga kwa kucha akaisikiliza. Raba aliivuta, akaiachia, akaitazama inavyorudi. Kalipa ya kupimia aliibeba kwenye mkoba kama wengine wanavyobeba kioo.

Mafundi tulimwita Mama Stoo mbele yake, na majina mengine nyuma yake. Aliwahi kurudisha katoni nzima ya plagi kwa sababu jina lililoandikwa juu ya boksi lilipungukiwa herufi moja. Muuzaji akapiga simu akijitetea kwamba hilo ni kosa la uchapaji tu. "Basi na plagi zilizomo ni kosa la uchapaji," akamjibu, akakata simu. Hata sukari ya chai ya ofisi aliipima upya ikifika. Tulicheka sana, lakini hakuna gari lililotoka hapa na plagi za katoni ile.

Mimi ninayeandika haya ni Halfani Ramadhani, fundi wa karakana hii tangu 2009. Kamati ya jarida letu iliponiomba niandike wasifu huu, baadhi ya wenzangu walishangaa. Wanajua kwamba mwaka 2018 Bi. Emiliana alinishtaki wizi. Nimekubali kuandika kwa sababu hiyohiyo.

Machi mwaka huo, Mzee Bartolomayo, mpima ardhi mstaafu wa Area D, alituletea gari lake likiwa juu ya lori. Lilikuwa Datsun 240Z ya mwaka 1972, rangi ya njano, milango miwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa. Alilinunua ujanani, akaliendesha mpaka watoto walipozidi viti, kisha likalala chini ya turubai miaka kumi na tisa. Sasa alitaka kwenda nalo Morogoro, yeye na mkewe, Mama Tereza, kwenye kanisa walilofungia ndoa miaka arobaini nyuma. Mama Tereza alilizunguka gari mara moja, akatutazama mafundi mmoja mmoja, halafu akasema, "Mimi siingii humo mpaka yule mama wa stoo aseme ndiyo."

Injini tuliiwasha ndani ya wiki mbili. Shida ikawa moja: gari linatembea vizuri nusu saa, kisha linazima njiani. Mimi nilishikilia ni kabureta, na nilikuwa tayari kuagiza mbili mpya. Bi. Emiliana akakataa kupitisha oda.

"Likizima, mnasubiri muda gani ndipo liwake tena?" akaniuliza.

"Kama dakika kumi, mama."

"Na kabureta ikiharibika huwa inapona yenyewe kwa dakika kumi?"

Akaniambia nishushe tanki. Ndani yake mlikuwa na kutu ya miaka kumi na tisa. Gari likitembea, kutu ilivutwa ikaziba bomba, na likisimama ilishuka chini, bomba likafunguka. Tulilisafisha tanki, na kabureta za zamani zinafanya kazi mpaka leo. Nilichukia kidogo, lakini nilijifunza.

Zikabaki breki. Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, ilikuwa imara, ila raba zake zilikuwa zimekauka kama ngozi ya ngoma. Raba za gari kama lile hazipatikani hapa nchini, zikaagizwa nje, seti mbili. Zilipofika, Bi. Emiliana hakunipa. Alitoa raba moja kwenye seti ya pili, akaipima kwa kalipa, akaitumbukiza kwenye glasi ya mafuta ya breki, akaiweka rafu ya juu. Raba feki ikikaa kwenye mafuta hayo huvimba. Baada ya siku mbili akaipima tena, haikuwa imebadilika hata kidogo. Ndipo akanikabidhi seti ya kwanza, pamoja na kopo jipya la mafuta ya breki, kwa kuwa la zamani lilikuwa limekwisha.

Nilifunga raba zile kwa mikono yangu. Siku ya kwanza breki zilishika vizuri. Siku ya pili pedali ikawa nzito kidogo, nikadhani ni ugeni. Siku ya tatu nilikuwa narudi kutoka Msalato, mbele yangu kuna trekta lenye tela. Nikakanyaga breki, pedali ikashuka mpaka chini kama nimekanyaga hewa. Nikavuta breki ya mkono, nikakata kona kuingia shamba la alizeti. Nilipotoka nje nikakaa kwenye udongo katikati ya alizeti zilizovunjika, mwenye shamba akinifokea kwa Kigogo.

Karakanani tukaifungua masta silinda. Raba zilikuwa zimevimba na kukunjika. Bi. Emiliana alizigeuza kiganjani, kisha akanitazama mimi.

"Hizi si nilizokupa," akasema.

"Ni hizo hizo, mama."

"Nilizokupa nilizipima. Za kwangu hazivimbi." Akamgeukia Meneja Yoramu. "Ndugu yake anauza spea pale sokoni. Raba nzuri zimeenda huko, humu zimewekwa feki."

Ni kweli kaka yangu Athuman ana meza ya spea sokoni. Ni kweli pia raba zile zingepata mnunuzi haraka. Meneja Yoramu akanisimamisha kazi siku hiyo hiyo. Niliwapigia simu watu wawili kuomba ushauri, na wote wawili waliniuliza swali lile lile, kwa sauti ya chini, kama nimefanya au sijafanya. Nyumbani mke wangu Rukia aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, akasema, "Halfani, niambie mimi tu. Umebadilisha?" Nilikuwa nimeponea chupuchupu mchana ule, na hakuna aliyeniuliza kama nimeumia. Sahani ile niliisukuma pembeni.

Siku tisa nilikaa nyumbani. Kilichotokea stoo siku hizo nilisimuliwa baadaye na Yoramu, na Bi. Emiliana mwenyewe hakukanusha hata nukta.

Alikuwa anaandaa ushahidi dhidi yangu. Alitaka kuandika kwenye ripoti tofauti kati ya raba iliyovimba na ile ya kwenye glasi. Akaiosha ile iliyovimba, akachukua lenzi, akatafuta alama ya kiwanda. Akaikuta, herufi mbili na namba tatu, zimetanuka kama maandishi kwenye puto. Akaitoa ya kwenye glasi, akaisoma. Herufi zile zile, namba zile zile, hata kikovu cha kalibu ya kiwandani kilikuwa mahali pale pale. Hazikuwa raba mbili tofauti. Nilikuwa nimefunga alichonipa.

Yoramu anasema alimkuta amekaa juu ya katoni, lenzi mkononi, akisema peke yake, "Kama raba ni ile ile, basi kilichobadilika ni nini?"

Kilichobadilika kilikuwa mafuta. Raba ya jaribio ililowekwa kwenye mabaki ya kopo la zamani, na mimi nilipewa kopo jipya. Bi. Emiliana akaweka glasi mbili mezani. Moja akatia mafuta ya kopo la zamani yaliyobaki kwenye jaribio, nyingine ya kopo jipya. Kisha akaongeza maji kila glasi na kukoroga. Mafuta halisi ya breki huchanganyika na maji. Glasi ya kwanza ikachanganyika. Kwenye ya pili, utando ukaelea juu, unang'aa kama supu ya mkia. Mtu alikuwa amechanganya mafuta ya breki na mafuta ya injini au kitu cha namna hiyo, akaziba kopo upya, na raba nzuri kabisa ikiguswa na mafuta ya namna hiyo lazima ivimbe.

Kopo lile alilinunua yeye mwenyewe. Alilinunua kwa muuzaji aliyemzoea miaka ishirini, tena wanasali benchi moja. Katika stoo nzima, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakukipima.

Hakukaa kulia. Akafungua daftari la matoleo kuangalia makopo ya mzigo ule yamekwenda kwenye magari gani. Yalikuwa matatu: Datsun ya mzee, pikapu moja ambayo bado ilikuwa uani kwetu, na Noah ya kwaya moja ya Area D. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Akampigia Denis, dereva wa Noah, simu ikaita bila kupokelewa. Akatoka na aproni yake, akachukua bajaji.

Alifika kwaya imeshapanda, watu tisa na vinanda vyao, safari ya Morogoro. Denis alikuwa anafunga buti. Bi. Emiliana akaenda moja kwa moja dirishani, akachomoa ufunguo.

"Mama vipi?" Denis akashangaa. "Tumeshachelewa."

"Pedali yako ya breki ikoje?"

"Nzito kidogo tangu juzi. Kwani nini?"

"Shukeni wote," akasema. "Hili gari haliendi kuteremka Gairo."

Walilalamika. Mwalimu wa kwaya alimwambia anawaharibia ibada. Bi. Emiliana alitia ufunguo mfukoni mwa aproni na kukaa kwenye ngazi ya mlango wa gari mpaka Yoramu alipofika na fundi. Walipofungua masta silinda pale pale barabarani, raba zilikuwa zimevimba, moja imeanza kukunjika. Mwalimu wa kwaya akaanza kushusha vinanda.

Jumatatu Yoramu aliniita nije kazini. Nilikuta wafanyakazi wote kumi na mmoja wamesimama uani. Bi. Emiliana akasogea mbele.

"Nilimshuku Halfani kwa sababu ndugu yake anauza spea," akasema. "Sikumshuku muuzaji wangu kwa sababu namfahamu. Huko si kupima, ni kuchagua watu. Nimemwita mwizi mtu aliyenusurika kufa kwa kopo nililompa mimi. Halfani mwanangu, nisamehe."

Kisha akamwomba meneja amwandikie barua ya onyo na kuiweka kwenye jalada lake. Barua hiyo ipo. Mwaka jana Yoramu alitaka kuiondoa, akakatazwa na mwenyewe.

Sitadanganya kwenye jarida la karakana: sikumsamehe siku ile. Nilimwitikia kwa heshima, kama mtu anavyomwitikia mama, lakini moyoni nilijiuliza kama ameomba radhi kwa ajili yangu au kujiokoa yeye. Miezi kadhaa kila aliponipa boksi nililifungua mbele yake na kulipima upya, kwa makusudi, nimkere. Hakukereka. Alisogeza taa karibu ili nione vizuri. Siku moja nikagundua anafurahi, na tangu hapo ikawa kanuni ya stoo yetu: hakuna spea inayotoka bila kupimwa na watu wawili, na aliyeinunua asiwe mmoja wao. Ninaamini hilo ndilo jambo kubwa aliloliacha hapa. Makopo yale aliyaripoti kwa wahusika, na kwa yule muuzaji hakununua tena, ingawa kanisani waliendelea kukaa benchi moja. Sijui walisalimianaje.

Datsun ilipata raba kutoka seti ya pili na mafuta yaliyopimwa kwa maji mbele ya mwenye gari. Bi. Emiliana aliiendea, akakanyaga pedali mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, kisha akamwambia Mama Tereza, "Ndiyo." Walikwenda Morogoro wakarudi. Mzee Bartolomayo alituambia kwamba mteremko wote mkewe alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na rozari kwa mwingine, na walipofika chini alimwambia aende polepole hivyo hivyo siku zote.

Ijumaa iliyopita Bi. Emiliana alinikabidhi stoo. Jioni alipofika langoni, Mwanne, mlinzi wetu anayepekua mkoba wa kila anayetoka, alimpungia mkono apite. Bi. Emiliana akasimama, akamnyooshea mkoba wake.

"Mama, wewe hapana," Mwanne akasema.

"Kwa nini mimi hapana?"

Mwanne akaupekua mkoba, kitu kimoja kimoja, huku sisi wote tukitazama, akaufunga na kumrudishia.

"Sawa, mama. Pita."

Bi. Emiliana Chidosa, kwa niaba ya wenzako wote wa Nyika Njema, asante kwa kila boksi ulilolirudisha lilikotoka. Tunakuombea afya, mvua za wakati kwenye shamba lako la Mlali, na miaka mingi ya kupumzika.