Niliyelala Juu ya Tumbo la Mama Mjamzito

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Itikieni kwa nguvu, maana ninalokuja kulisema linanitia aibu, na mkinyamaza naweza kurudi kukaa.

Wengi hapa mnanijua, mie nesi wenu wa Mbagala, ninayecheka mpaka bati linatikisika. Kidato cha nne nilikirudia kwa masomo ya jioni, mchana nauza maandazi. Nikafaulu, nikasomea uuguzi, nikapanda mpaka nikawa msimamizi wa wodi ya wazazi. Basi nikaamini usingizi ni wa wavivu. Likizo sikuchukua miaka mingi sana, labda tangu Nuhu ashuke kwenye safina. Na ratiba ya zamu niliipanga mimi, kwa hiyo wenzangu nao walikoma.

Siku moja Rehema, nesi mdogo kuliko wote wodini, alinijia. "Sista, naomba ofu kesho. Kichwa kinaniuma siku ya tatu."

Nikamjibu mbele ya wenzake, "Kichwa? Hata mie ninacho, na nimekuja nacho kazini." Wakacheka. Rehema hakucheka.

Kesho yake mchana nilikuwa nimeunganisha zamu, sijalala tangu juzi. Kulikuwa na mama mmoja wa Mbagala hapahapa, uzazi wa kwanza, uchungu umeanza. Nikachukua kile kifaa kama kitarumbeta cha kusikilizia moyo wa mtoto, nikakiweka tumboni, nikainamisha sikio.

Ndugu zangu, nikalala. Nimeinama vilevile, sikio kwenye kifaa, kama mtu anayesikiliza kwa makini.

Niliposhtuka, niliona haya kuanza upya. Nikaandika kwenye chati: mia na arobaini. Namba nzuri, ya mtoto mzima. Sikuwa nimesikia hata pigo moja.

Baadaye kidogo Rehema, na kichwa chake kinachouma, akapita akasikiliza tena. Akaniita.

"Sista, mbona mimi napata tisini tu?"

"Mimi nimepima sasa hivi."

"Ulisikia mwenyewe?"

Wodi nzima ilikuwa inanitazama. Ningesema ndiyo, Rehema angenyamaza, maana mimi ndiye mkubwa wake, na yule mtoto angekwisha. Kinywa changu kilikuwa tayari kusema ndiyo. Namshukuru Mungu aliyekigeuza.

"Sikusikia," nikasema. "Nililala."

Daktari aliitwa, mama akakimbizwa kufanyiwa upasuaji. Mtoto alitoka amelegea. Mie nimesimama ukutani, nasali sala isiyo na maneno. Ule ukimya niliuona mrefu kuliko miaka yangu yote ya masomo ya jioni. Kisha akalia. Mtoto wa kiume.

Kesho yake nilikwenda kitandani kwa yule mama kuomba radhi. Nikamweleza yote, na ile namba ya uongo. Akanisikiliza, mtoto kifuani. Kisha akasema taratibu:

"Sista, nilikuona umelala. Nikasema nikuache kidogo, umechoka. Uchungu ulipokuja niliubana nisikuamshe."

Ndugu zangu, yeye ndiye aliyekuwa anazaa, na yeye ndiye aliyekuwa ananihudumia. Tangu siku hiyo sijui nifiche wapi uso wangu.

Nilimwandikia mkuu wa kituo chetu cha afya kosa langu kwa mkono wangu. Nikamwomba Rehema msamaha mbele ya walewale waliocheka. Siku hizi zamu haianzi kabla sijamuuliza kila mmoja: umelala? umekula? Na jina langu lipo kwenye ratiba ya mapumziko kama la wengine.

Asante Yesu kwa uhai wa yule mtoto. Asiyesinzia ni Mungu peke yake, na mie nilikuwa nimekikalia kiti chake. Kama na wewe umekikalia, muuguzi, mama, mzee wa kanisa, shuka leo, atakupokea. Mimi nilishuka kwa aibu, nikakuta amenishika mkono.

Mkiniona natoka kabla ya chai, msinifikirie vibaya. Leo ni ofu yangu. Naenda kulala.