Sauti Yangu Ataijua

Kwenye treni ya asubuhi, dada mwenye kamera mapajani alikuwa akimweleza mzee wa siti ya jirani kwamba anatengeneza filamu kuhusu wanajeshi wastaafu wasio na makazi. Nilijifanya nasoma gazeti, tena la juzi.

"Wanalala wapi?" mzee akauliza. "Vibarazani, nyuma ya soko," dada akajibu. "Karibu na mashine ya kusaga? Pale mvua ikinyesha maji yanaingia. Tulihamia upande wa pili."

Dada akamtazama. "Mlihamia, baba?"

Mzee akaweka sawa kola ya shati lake, lililonyooka kuliko langu. "Binti yangu, aliye mji mwingine, anajua nina chumba, mwanangu."

"Nitakuficha uso," dada akasema. "Na sauti je? Ataijua hata nikikohoa." "Akijua, si atakuja kukuchukua?" "Atakuja kweli. Na yeye ana chumba kimoja, mume na watoto. Hapo ndipo penye shida."

"Lakini mkinyamaza wote, nani atajua kwamba mpo?"

Treni ikasimama. Mzee akashuka, halafu akarudi dirishani. "Hiyo filamu yako," akauliza, "itafika mpaka miji mingine?"